Swali la Marikiti

Lori lilikuwa halijamaliza kushushwa. Makuli walipita mbio na magunia mabegani wakipiga kelele za kuomba njia, na mama Mkenya ninayemuuzia vitunguu hapa soko la Marikiti, Nairobi, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kisu mkononi, akilichana gunia moja ubavuni. Hufanya hivyo kila mzigo unapofika. Vitunguu vya juu haviangalii kabisa. Anapenyeza mkono hadi katikati, anatoa kimoja, anakibonyeza shingoni kwa kidole gumba. Shingo ikiwa laini, kitunguu hicho kiling'olewa mapema, hakikukaushwa, na gunia lote litaanza kuvuja maji kabla ya Jumamosi.

Siku hiyo alibonyeza, akaridhika, akakiweka kando. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Sasa wewe kijana, kama huko kwenyu hamtutaki, hapa kwetu tukufanye aje?"

Nikamwambia, "Mama, ile amri ya serikali yetu Tanzania haikutungwa kwa ajili yenu."

Hapo ndipo aliponiangalia. "Inasema wasio raia. Mimi ni raia wa Tanzania?"

Sikuwa na la kusema. Akanilipa kama kawaida, nusu kwa simu papo hapo, nusu ikaandikwa kwenye daftari lake, akaniambia niende salama.

Afadhali angenigombeza.

## Kipengele ambacho hakikusemwa sana

Amri yenyewe mnaijua. Ilitangazwa mwishoni mwa Julai 2025 na Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wa wakati huo, Selemani Jafo, ikawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Kelele nyingi zilihusu saluni, ufundi wa simu, uwakala wa kutuma pesa na maduka ya rejareja. Wakenya wa Arusha walilalamika, Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, akatoa taarifa ya kupinga, akikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inayotumika tangu Julai 2010. Mitandaoni watu wa nchi hizi mbili wakatukanana wiki nzima, kama ilivyo desturi yetu.

Nataka kuwa mkweli kwa upande wa nyumbani. Malalamiko ya Kariakoo yalikuwa ya kweli. Wafanyabiashara wetu walilia kwamba wageni, Wachina hasa, wanaingia kwa jina la uwekezaji kisha wanauza rejareja, na mwenye mtaji mdogo hawezi kupumua. Serikali yoyote ingelazimika kufanya jambo. Sina ugomvi na nia hiyo.

Lakini kwenye ile orodha kuna ununuzi wa mazao shambani. Kwa sisi tulioko Nairobi tunaouza kitunguu, chungwa, mchele na mahindi, hicho ndicho kipengele kilichogusa mshipa. Kitunguu kinacholiwa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka kinatoka kwetu, na sehemu yake hutoka Mang'ola, kule Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, ambako chemchemi hazikauki na watu wanalima kwa mifereji. Kwa miaka mingi Mkenya alikuwa anapanda gari mwenyewe, anavuka Namanga, anafika kijijini, anatafuta dalali wa pale, anaingia shambani, anapatana na mkulima uso kwa uso. Sasa akifanya hivyo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha kuishi.

Yule mama hajawahi kufika Mang'ola. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda.

## Walivyosimama nasi 2019

Swali lake lisingenisumbua hivi kama lingetoka kwa mtu mwingine.

Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alionekana kwenye video akiipa serikali saa 24 iwaondoe wafanyabiashara wa kigeni kwenye masoko ya jiji, la sivyo wao wenyewe wangeingia madukani kuwatoa. Alitaja Watanzania, Waganda, Wapakistani na Wachina. Serikali ya Kenya ilijitenga na maneno yake, akakamatwa, na bungeni Dodoma nako suala hilo likazua mjadala mkali. Kwenye vitabu mambo yaliishia hapo.

Sokoni hayakuishia hapo. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini, maana Mtanzania akifungua mdomo tu anajulikana. Mwenzetu mmoja wa machungwa ya Muheza alirudi Tanga, akasema atarejea hali ikitulia. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na mzigo ambao haujauzika. Mama huyu alinitoa pale nilipokuwa naweka mali yangu, akanisogeza nyuma ya meza yake, akawaambia vijana wa pale kwa Kikuyu jambo ambalo sikulielewa lote. Nilielewa tu kwamba magunia yale sasa yanahesabika kuwa yake.

Hakuna aliyenigusa.

Ndiyo maana nasema swali lake lina haki zote za kuulizwa. Yeye alishajibu upande wake miaka sita kabla.

## Kikundi chetu kinafanya nini hasa

Mimi ni katibu wa kikundi cha Watanzania tunaofanya biashara Nairobi. Tunakutana Ngara, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, Jumapili mchana. Wapo wa mchele wanaopeleka Nyamakima, wapo wa vitenge Eastleigh, wapo wa dagaa, na sisi wa Marikiti ndio wengi. Tulianza kwa ajili ya misiba. Mtu akifia ugenini, kumrudisha nyumbani ni gharama kubwa na karatasi nyingi, na hakuna anayeweza peke yake.

Biashara iliingia polepole, kupitia tatizo ambalo kila mgeni analijua: nani atakuamini? Mnunuzi wa Nairobi hawezi kumpa mtu wa Karatu mamia ya maelfu na kusubiri mzigo. Mwenye mzigo naye hawezi kumwachia mtu wa Nairobi lori zima kwa mali kauli, akitegemea kulipwa likishauzika. Katikati ya watu hawa wawili ndipo tunapokaa. Kikundi kikisema "fulani ni wetu," maana yake ni kwamba fulani akitoroka na pesa, tutamtafuta hadi kwao, na tukimkosa tutachanga kulipa sehemu. Tumeshachanga. Iliuma, lakini baada ya hapo jina letu likapanda bei pale Marikiti.

Nimehudhuria makongamano ya biashara kwenye hoteli za jiji hili, yale yenye bendera mbili ndogo mezani. Mei 2021, Rais Samia alipokuja Nairobi, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kweli, kwa sababu tulikuwa tumetoka kwenye kipindi kigumu. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Machi, Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakakwama Namanga. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, likaacha masharti ya usajili na vyeti vya kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Watu wetu wa mahindi walihitaji muda mrefu zaidi ya hizo siku chache kupata tena wanunuzi wao. Na kabla ya hapo, 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga upande wetu, na mwenye vifaranga alikuwa mfanyabiashara mdogo kama mimi.

Kwa hiyo ziara ile ilihitajika. Viongozi wakizungumza, malori yanatembea. Mwenye umri anakumbuka mpaka ulivyofungwa Februari 1977 ukafunguliwa tena Novemba 1983. Baba yangu husema miaka ile hata kadi ya mwaliko wa harusi haikuvuka.

Ila mkutano wa hotelini hauwezi kumdhamini mtu. Hilo ndilo tunalolifanya sisi, na nimekuwa nikijivunia.

Sasa sina uhakika sana.

## Jumapili ya furaha

Jumapili ya kwanza baada ya amri, ukumbi ulijaa kuliko misiba yote. Nilidhani watu wamekuja na hofu. Wengi walikuja na furaha.

Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mkenya haruhusiwi tena kununua shambani. Nairobi itaendelea kula vitunguu. Lazima basi Mtanzania anunue, na Mtanzania mwenye wanunuzi Nairobi ni nani kama si sisi? Mzee mmoja wa mchele, mtu ninayemheshimu sana, alisimama akasema tumevumilia ugeni kwa miaka, na sasa Mungu ametufungulia mlango. Makofi yalipigwa. Kabla kikao hakijaisha likawa limeshatolewa pendekezo na kukubaliwa: tukubaliane bei moja ya kununulia, mtu asipande juu yake, na kamisheni ya kumtafutia Mkenya mzigo ipande.

Niliandika kila kitu kwenye kumbukumbu za kikao. Katibu ana faida hiyo, anaweza kunyamaza akionekana ana kazi.

Kijana mmoja wa vitenge ndiye aliyeuliza jambo la maana siku ile. Amri inamwadhibu pia raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara zilizokatazwa: faini ya shilingi milioni 5 au miezi mitatu gerezani. Akauliza: pesa ya kununulia ikitoka kwenye simu ya Mkenya, ikaingia kwenye simu yangu, nikaenda shambani nikamlipa mkulima, aliyenunua ni nani?

Ukumbi ukatulia.

Mimi nadhani jibu liko kwenye hasara. Kama mzigo ukioza Namanga hasara ni yangu, mimi ndiye niliyenunua na baadaye nikauza. Kama hasara ni ya Mkenya, mimi ni mkono wake tu. Lakini huo ni mtazamo wa muuza vitunguu, na sitaki kumpeleka mtu mahakamani kwa mtazamo wangu. Kitu kimoja nilikiona wazi: biashara yetu yote imejengwa kwenye sehemu ambayo mstari huo hauonekani. Mali kauli ni pesa yake na jasho langu, au jasho langu na pesa yake, inategemea wiki. Uhusiano wa kudhaminiana uliotufaa miaka yote sasa unaweza kusomwa na afisa kama kosa.

## Simu kutoka Mang'ola

Mjomba wangu analima ekari chache kule. Alinipigia kuulizia mambo ya nyumbani, akazunguka kama wazee wanavyozunguka, kisha akafika.

"Mjomba, wale Wakenya hawaonekani. Wanakuja wenzenu. Lakini wenzenu wanashuka kwenye gari wameshapatana bei. Wa kwanza akikuambia hivi, wa pili anakuambia hivyo hivyo, wa tatu hata hasimami."

Nikamuuliza bei. Ilikuwa chini. Msimu nao una mkono wake, mashamba mengi yalikuwa yanang'olewa kwa wakati mmoja, kwa hiyo sisemi amri ndiyo iliyoshusha kila senti. Ila nilitambua kile alichonieleza, kwa sababu nilikuwa nimekiandika kwa kalamu yangu kwenye daftari la kikundi.

Akaongeza kuhusu lumbesa. Alipokuwa na wanunuzi wa kuchagua, aliweza kukataa kujaziwa gunia hadi likaota kilemba juu. Mkenya mmoja akikataa kipimo cha haki, anasubiri mwingine. Sasa anajaza. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, kila mtu anajua inakataza, na bado mkulima hujaza pale anapokuwa hana mtu mwingine wa kumuuzia.

Mkenya aliyekuwa anaingia shambani alikuwa na makosa yake. Wako waliokopa kwa mkulima na hawakurudi. Wako waliopunja. Lakini kuwepo kwake tu kulimfanya mnunuzi wa Kitanzania aongeze mia mbili juu ya kilo. Amri imemtoa mshindani, na pengo aliloliacha limejazwa na kikundi chetu.

Usiku ule sikulala vizuri.

Tunajiita daraja kati ya nchi mbili. Nimelitamka hilo mwenyewe, mbele ya watu wenye vyeo, kipaza sauti mkononi. Kumbe mtu aliyekaa katikati anaweza pia kuwa geti, akachukua ushuru pande zote mbili: kwa mama wa Marikiti ambaye sasa ananunua ghali, na kwa mjomba wangu anayeuza kwa bei ya chini. Wote wawili ni watu wangu. Mmoja alinificha, mwingine alinilea.

## Kwa nini tunyamaze?

Nimezungumza na wanachama mmoja mmoja tangu wakati huo, kwa chai na kwa simu, maana hili si la kurusha kikaoni ghafla. Hoja kubwa dhidi yangu ni hii: sisi ni wageni hapa, na kule nyumbani tutaonekana tunawatetea wageni. Tutakuwa hatuna pa kusimama. Mzee wa mchele aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mtu aliye kwenye mtumbwi haulizi mto umetoka wapi."

Namwelewa. Yeye aliyaona ya 2019 akiwa na mali nyingi kuliko mimi.

Lakini naona kinyume. Watu wanaoweza kuiambia serikali ya Tanzania jinsi kipengele cha mazao shambani kinavyofanya kazi kwa kweli ni sisi. Waziri hakai Marikiti. Afisa wa Dodoma hajui kwamba mnunuzi wa Nairobi analipa nusu na nusu anaandika daftarini. Tukinyamaza kwa sababu amri inatulipa, basi siku upande wa Kenya watakapotunga yao, na wapo wanaotaka kuitunga, hatutakuwa na mdomo wa kulalamika. Nani atanisogeza nyuma ya meza yake mara ya pili?

Tena, kuna njia ambazo hazihitaji kumwaibisha mtu. Amri inaweza kubaki na ikawatofautisha raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye ununuzi wa mazao peke yake. Kama shambani ni pagumu, basi masoko ya kijiji yenye mzani, ambako Mkenya anaingia wazi, analipa ushuru wa halmashauri, ananunua kwa kilo mbele ya watu, na mkulima anachagua. Hapo serikali inapata mapato yake, lumbesa inakufa, na mnunuzi wa kwetu hafukuzwi na mtu. Anatakiwa tu kutoa bei nzuri. Pale Namanga tayari tuna kituo cha pamoja cha mpakani tangu Desemba 2018, na tuna utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Haya yalipatikana kwa sababu watu waliokuwa wanaumia walisema wanaumia.

## Nitakachopeleka Ngara

Nimeandika barua ya kurasa mbili kwenda kwa ubalozi wetu hapa Nairobi, ikiomba hayo niliyoyataja yafikishwe wizarani. Sijaituma. Barua ya kikundi haiwezi kuwa ya katibu peke yake.

Pamoja nayo nina mapendekezo mawili yanayotuhusu wenyewe, na haya ndiyo yatakayoleta moto. Lile kubaliano la bei moja lifutwe, liandikwe kwamba limefutwa, na mwanachama atakayekutwa anapanga bei na wenzake kabla ya kufika shambani asidhaminiwe tena na kikundi. Na kamisheni yetu itajwe wazi kwa kilo, mkulima aijue, mnunuzi aijue, iandikwe kwenye karatasi inayosafiri na mzigo.

Najua sina kura za kutosha. Wa machungwa wako nami, kwa sababu wao Mkenya hakuwa akiwafuata Muheza kwa wingi na hawana cha kupoteza. Wa vitenge hawajali sana. Wa mchele na nusu ya sisi wa vitunguu watapinga, na hoja zao si za kipumbavu. Wana ada za shule za kulipa hapa hapa Nairobi, kwa shilingi ya Kenya, na hii ni mara ya kwanza kwa wengi wao kupata faida ya kupumua.

Nimefanya jambo moja bila kumwuliza mwenyekiti, na nitalieleza kikao kikifunguliwa. Katiba yetu inaruhusu kualika wageni wenye haki ya kusema, wasio na kura. Mjomba atakuwa kwenye simu, kipaza sauti kimewashwa. Na mama wa Marikiti amekubali kuja. Ameniambia atachelewa kidogo kwa sababu ya kanisa, tusianze ajenda ya vitunguu kabla hajafika.

Anayepinga mapendekezo yangu atayapinga wakiwa wanamsikia.